Seva kuukuu yaweza kugeuzwa tarakilishi ya mezani, lakini uliza kwanza bei ya ubao

MNAMO 2012 kampuni ya Intel ilipozindua prosesa ya Xeon E5-2670, bei yake ilikuwa takriban dola 1,550 za Marekani. Kufikia 2016, prosesa iyo hiyo ilikuwa ikinunuliwa kwa chini ya dola 100 katika soko la mitumba.

Haikuwa imeharibika. Kampuni zinazoendesha vituo vikubwa vya data huondoa mitambo yao kila baada ya miaka michache, muda wa dhamana unapokwisha na mashine mpya zinapoweza kufanya kazi nyingi zaidi kwa umeme ule ule. Seva nyingi ziliingia sokoni kwa mpigo mmoja, wanunuzi wakawa wachache, na bei ikaporomoka.

Ndiposa mhariri wa video anayeanza biashara, au mwanafunzi wa uhandisi asiye na fedha za tarakilishi mpya, hushawishika kununua viungo hivyo na kujiundia mashine ya mezani. Hesabu yake ni rahisi: prosesa yenye viini vinane na gigabaiti 64 za kumbukumbu kwa bei ambayo dukani haitoshi kununua hata nusu ya hayo.

Jambo hilo lawezekana, na wengi wamelifanya wakafaulu. Hata hivyo, anayeanza kwa kununua prosesa ameanzia mkiani. Prosesa na kumbukumbu za seva ni rahisi kwa sababu haziingii katika mashine ya kawaida. Kinachoziwezesha kufanya kazi ni ubao mama, yaani ule ubao mpana ambao viungo vyote huchomekwa, na ubao huo haujawahi kushuka bei kwa kiwango cha prosesa. Sababu ni kwamba kampuni inapotupa seva, mbao nyingi huishia kwa wauzaji vyuma chakavu, ilhali prosesa hung'olewa na kuuzwa kando. Matokeo yake ni prosesa tele na mbao haba.

Kwa hivyo, ukitaka kujua gharama halisi ya mradi huu, uliza kwanza bei ya ubao.

Mbao zenyewe ni za aina tatu. Upo ubao uliotolewa ndani ya seva ya kampuni kubwa, kwa mfano Dell PowerEdge R720 au HP ProLiant DL380p Gen8, zote za 2012. Huu huwa wa bei nafuu, lakini umekatwa kwa umbo la seva hiyo pekee. Matundu ya skrubu hayalingani na kasha la kawaida, na hata soketi za umeme ni za kipekee. Mimi singemshauri yeyote kuununua peke yake.

Aina ya pili ni ubao wa seva uliotengenezwa kwa vipimo vya jumla. Huu waweza kufungwa katika kasha la kawaida, mradi upime kwanza, kwa kuwa mbao za prosesa mbili hufikia inchi 12 kwa 13 na makasha mengi hayana nafasi hiyo.

Ya tatu ni mbao mpya zinazotengenezwa Uchina mahsusi kwa ajili ya prosesa hizi za zamani. Zinaingia katika makasha yaliyozoeleka na hupokea umeme wa kawaida. Ubora wake hutofautiana mno, na fundi aliyepata mzuri hawezi kukuhakikishia kwamba wako utakuwa hivyo.

Ipo mitego miwili ambayo muuzaji huenda asikutajie. Wa kwanza ni soketi. Prosesa za E5-2600 za 2012 na zile za kizazi cha pili zilizotoka 2013 hutumia soketi moja. Za kizazi cha tatu, za 2014, na cha nne, za 2016, hutumia soketi nyingine. Zote zina pini 2,011 na kwa macho zafanana, lakini haziingiliani.

Mtego wa pili ni kumbukumbu. Kijiti cha kumbukumbu cha seva aghalabu huwa na kichipu cha ziada kinachopokea amri na kuzisambaza kwa vichipu vingine. Kichipu hicho ndicho huiwezesha seva kubeba kumbukumbu nyingi bila kuyumba, na ndicho pia huufanya ubao wa kawaida wa nyumbani kukikataa kijiti hicho. Soma lebo: maandishi kama PC3-12800R, yakiishia na herufi R, yanaonyesha kuwa ni kijiti cha aina hiyo. Usichanganye chenye R na kisichokuwa nayo katika ubao mmoja. Aidha, prosesa hizi husoma kumbukumbu kupitia njia nne kwa pamoja. Vijiti vinne vidogo, kila kimoja katika njia yake, huifaa kuliko kijiti kimoja kikubwa.

Umeme nao una masharti yake. Kigawa-umeme cha seva hutoa volti 12 kwa ubao, na seva yenyewe hupunguza volti hizo kwa matumizi mengine. Cha tarakilishi ya mezani hutoa volti 12, 5 na 3.3, kila moja kwa waya wake. Wapo wanaojaribu kuunganisha cha seva kwa kukata na kufunga nyaya. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme aliyehitimu, na hata yeye atakuuliza kwa nini usinunue kinachofaa. Nunua kipya, chenye dhamana. Hapa si mahali pa kubana senti.

Kisha kuna kelele. Seva nyembamba ina kimo cha milimita 44 hivi, na feni zinazotoshea humo ni za milimita 40. Ili kusukuma hewa ya kutosha, feni ndogo kiasi hicho hulazimika kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Sauti yake ni kama ya king'ora na haikaliki nayo chumbani. Ukihamishia prosesa katika kasha pana lenye feni za milimita 120, tatizo hilo hutoweka. Lakini vile vyuma vya kupozea vya seva visivyo na feni havitafaa tena, kwa kuwa vilitegemea upepo huo mkali. Nunua vyenye feni juu yake, na uhakikishe vinashika soketi yako, kwa sababu baadhi ya mbao za seva zina soketi nyembamba kuliko ya kawaida.

Isitoshe, prosesa za Xeon E5 hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Mbao nyingi za seva zina kichipu kidogo cha picha kinachotosha kuandika amri tu. Kadi ya picha ni lazima, na pengine kifaa cha sauti cha kuchomeka, kwa kuwa seva haina haja ya kuimba.

Kwa anayeona haya yote ni mzigo, ipo njia ya mkato ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kwa wengi. Ni kununua tarakilishi kuukuu za wahandisi, kama vile HP Z420 au Dell Precision T3600. Hizi zilitengenezwa kwa prosesa zizo hizo, lakini zina kasha, kigawa-umeme na vipozea vyake tayari, na hazipigi kelele. Nazo zina masharti. Z420 haipokei vijiti vile vyenye herufi R. Pia, zile ambazo ubao wake una programu ya kuwashia ya 2011 hazikubali prosesa za kizazi cha pili. Ni zenye ya 2013 pekee. Tarehe hiyo huonekana katika ukurasa wa mipangilio mashine inapowashwa, kwa hivyo omba uonyeshwe kabla ya kulipa.

Gharama ambayo wengi huisahau ni stima. Tuseme mashine yako inatumia wastani wa wati 150 kwa saa 10 kila siku. Hizo ni uniti 45 kwa siku 30. Tarakilishi ndogo ya kisasa inayotumia wati 40 kwa muda uo huo itakula uniti 12. Tofauti ni uniti 33. Ukichukulia mfano wa Sh25 kwa uniti, ni Sh825 kwa mwezi, au Sh9,900 kwa mwaka. Anayehariri video na kulipwa kwa kila kazi ataona faida. Anayeandika barua na kusoma habari atakuwa akilipia viini ambavyo vimelala, na Waswahili walisema rahisi huvunja upishi.

Kuhusu programu, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na prosesa hizi hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Mifumo ya Linux huendeshwa nazo bila tatizo. Lakini prosesa za vizazi viwili vya kwanza hazina amri ziitwazo AVX2, na baadhi ya programu mpya za video na michezo hukataa kufunguka bila hizo. Kwa sababu hiyo pekee, kizazi cha tatu au cha nne chafaa kuongezewa pesa kidogo.

Diski za seva ziache dukani. Nyingi ni za aina ya SAS, ambazo haziingii katika soketi za SATA za ubao wa kawaida, na huenda bado zina taarifa za wateja wa kampuni iliyozitumia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu taarifa kama hizo, na si busara kuziweka nyumbani.

Unapokagua ubao, beba kurunzi. Katika soketi hizi pini zimo ubaoni wala si kwenye prosesa, na pini moja iliyopinda yaweza kuzima njia nzima ya kumbukumbu. Kwenye prosesa, tafuta jina kamili la modeli. Iliyoandikwa kuwa ni siri ya Intel ni ya majaribio, na baadhi ya mbao huikataa. Kisha elewana na muuzaji akupe angalau siku saba za kurudisha, na usiku wa kwanza uiache mashine ikiendesha programu ya kupima kumbukumbu hadi asubuhi.