MAANA YA NENO "BORROW" NA MATUMIZI YAKE

Leo twapenda kueleza kitendo kimoja cha Kiingereza ambacho huwatatiza wanafunzi wengi, nacho ni "borrow". Ni neno jepesi kutamka, lakini mtu asipolifahamu sawasawa aweza kuandika deni lake kuwa mali, au mali yake kuwa deni.

Asili ya taabu hii imo katika lugha yetu wenyewe. Sisi husema, "Nimeazima jembe kwa jirani," na tena husema, "Jirani ameniazima jembe." Kitendo ni kile kile, azima, ijapokuwa katika maneno ya kwanza mtendaji ndiye aliyepokea, na katika maneno ya pili mtendaji ndiye aliyetoa. Waingereza wana vitendo viwili mbalimbali. "Borrow" ni kazi ya mkono unaopokea, na "lend" ni kazi ya mkono unaotoa.

Basi mwenye haja ya jembe husema, "May I borrow your hoe?" maana yake, Je, naweza kuazima jembe lako? Au husema, "Will you lend me your hoe?" maana yake, Je, utaniazima jembe lako? Haja ni moja, lakini katika swali la kwanza mtendaji ni mimi, na katika la pili mtendaji ni wewe. Kwa hiyo mwanafunzi asiandike, "Borrow me your hoe." Hicho ni Kiswahili kilichovikwa nguo za Kiingereza.

Tena yafaa kushika maneno madogo yafuatayo vitendo hivi. "Borrow" hufuatana na "from", kuonyesha kitu kimetoka kwa nani. "Lend" hufuatana na "to", kuonyesha kimekwenda kwa nani. Kwa wakati uliopita husemwa "borrowed" na "lent". Neno "lended" si sahihi.

Sasa fikirini kijana aliyeombwa na mzee asiyejua kusoma amwandikie hati ya deni. Mzee amemkopesha Ali shilingi 20. Kijana akiandika, "I lent Ali 20 shillings," hati ni sawa, na Ali ndiye mdaiwa. Akiandika, "I borrowed 20 shillings from Ali," mzee ndiye mdaiwa. Mzee atatia alama ya kidole bila ya kujua, na siku ya mashauri hati itamshuhudia kinyume. Hakimu hakuwapo siku ya kutoa fedha. Yeye husoma yaliyoandikwa. Ndiyo sababu mwenye kuwaandikia wengine hana budi kujiuliza kwanza: nani ametoa, na nani amepokea?

Jambo jingine la kuangalia ni neno letu kukopa. Mtu akichukua sukari dukani ili alipe mwisho wa mwezi, sisi husema amekopa sukari. Mwingereza hasemi "borrow" hapo, kwa kuwa ile sukari haitarudishwa. Hulipwa bei yake. Yeye husema, "He bought sugar on credit." Kadhalika nyumba ya kupanga kwa kodi haisemwi "borrow", bali "rent", kwa sababu kitu cha kuazima hakina kodi. Lakini fedha za benki, ingawa zina riba, husemwa "borrow".

Katika hesabu pia, mwalimu akitoa 8 katika 25, huchukua kumi moja katika makumi, na kwa Kiingereza tendo hilo huitwa "borrow". Hata lugha huazimana. Kiswahili kilipata kitabu kutoka Kiarabu, meza kutoka Kireno, na shule kutoka Kijerumani. Nacho Kiingereza kikachukua kwetu neno safari. Maneno ndiyo mali pekee ya kuazima ambayo hakuna adaiye irudishwe.

Mali nyingine zote zina siku yake ya kurudishwa. Wazee wamesema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Basi kabla ya kutia mkono katika hati yo yote, tazameni kama imeandikwa "borrow" au "lend", ili matanga ya mtu mwingine yasiletwe nyumbani kwenu.