Kumchagua Mchumaji wa Karafuu

Wewe mwenye shamba la mikarafuu, Unguja au Pemba, mavuno yakifika watu watakujia barazani kutaka kazi, nawe utawatazama mikono na vifua. Desturi hiyo haifai. Mkarafuu mzee huweza kufika mita 12 na zaidi, na matawi yake ni mepesi kukatika. Mtu wa miraba minne aweza kuwa hodari wa jembe, lakini juu ya mti uzito wake ni adui yake. Na yule mwembamba uliyemdharau aghalabu ndiye achumaye pishi nyingi.

Yafaa basi umjaribu kwa kazi yenyewe. Mchagulie mti mfupi, apande taratibu, asimame penye panda, avute tawi kwa upembo, kisha ashuke. Usitazame upesi wake, tazama miguu. Mwenye kuyumba, au kutetemeka magoti, au kukanyaga tawi bila kulijaribu kwanza, hafai kupanda siku hiyo. Akishuka akahema kwa muda mrefu, kazi ya kutwa haiwezi.

Lakini yako maradhi ambayo jicho haliyaoni. Mwulize kila mtu faraghani, si mbele ya wenzake, kama ana kifafa, au huona kizunguzungu, au ametoka katika homa juzijuzi, au anatumia dawa iletayo usingizi. Malaria hupunguza damu, na aliyepona aweza kubaki dhaifu siku nyingi hali ajiona mzima. Hapa ndipo penye shida, maana mwenye njaa ataficha. Mwambie kabla ya kumwuliza kwamba kusema kweli hakutamnyima kazi, nawe utimize: mpe kuchambua karafuu na makonyo, au kuanika majamvini na kugeuza. Ujira wake usiwe wa kumdhalilisha, la sivyo mwakani atapanda na kifafa chake.

Mchukuzi wa magunia ana kipimo chake. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55.

Afungaye saumu apande asubuhi, kabla kiu haijamlegeza. Mtoto asipande kabisa. Aliyechuma kwako mwaka jana naye ajaribiwe upya kabla ya kukabidhiwa kikapu.