Samaki wa Tanganyika wanaolala ndani ya konokono: namna ya kuwapangia akwariyomu ili waonekane vizuri

Ukitaja samaki wa Tanganyika huku kwetu, kila mtu anawaza ndagala, mukeke ao sangala. Samaki wa kula. Lakini Ujerumani, Ubelgiji na Marekani, kuko watu wanaofuga nyumbani samaki wengine wa ziwa letu wenye hawaliwi: wanaangaliwa tu. Wanafugwa ndani ya akwariyomu, yaani sanduku la vioo lenye maji. Kati ya wale wanaopendwa sana, kuko wadogo wanaofanya maganda matupu ya konokono kuwa nyumba zao.

Ni samaki gani hawa?

Ni wa jamaa moja na tilapia, ila wadogo sana. Yule wanasayansi wanamwita Neolamprologus multifasciatus ana milia mingi na hapiti sana sentimita 4. Anaishi na jamaa yake kama kijiji: kila mmoja na ganda lake. Mwingine, Lamprologus ocellatus, ni mkali. Anachimba mchanga mpaka ganda lake linazama, unabakia mlango tu. Hata mkono wa mtu anaushambulia. Wa tatu, Lamprologus callipterus, dume anabeba maganda kwa mdomo na kuyarundika fasi moja ili majike waje kutaga mayai ndani. Dume huyo anaweza kumpita jike uzito mara 12.

Maganda hayo ni ya konokono Neothauma, mwenye hapatikani ziwa lingine lolote duniani. Akikufa, ganda halioze haraka kwa sababu maji ya Tanganyika yana chokaa nyingi. Ndiyo maana chini ya ziwa kuko viwanja vikubwa vya maganda.

Sanduku linapangwa namna gani?

Samaki hawa hawaogelei juu. Maisha yao yote ni chini, karibu na mchanga. Kwa hiyo sanduku refu na pana ni bora kuliko lenye kimo. Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 linaingiza litre 54, na linatosha kijiji kimoja cha wale wenye milia. Usisahau uzito: litre moja ya maji ni kilo moja. Ongeza vioo na mchanga, meza inabeba zaidi ya kilo 60.

Wengi wanaweka sanduku chini sana, kisha wanaona migongo ya samaki tu. Liinue mpaka mchanga uwe sawa na macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Hapo utaona mlango wa kila ganda, mama akilinda, na watoto wakichungulia.

Mchanga uwe laini, wa sentimita 5 mpaka 8, sababu wanachimba usiku na mchana. Kama unataka mawe, yalaze kwanza juu ya kioo, kisha mwaga mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba chini yake, mawe yataanguka na kuvunja kioo. Maganda yawe mengi kuliko samaki, hata matatu kwa kila mmoja, na milango mingi itazame upande wako. Usiyazike: kazi hiyo wataifanya wenyewe, na kuwatazama wakiifanya njo utamu wenyewe.

Nyuma ya sanduku bandika karatasi nyeusi. Taa iwe ya kiasi. Usiweke sanduku mbele ya dirisha, jua litaleta majani ya kijani kwenye vioo.

Maji je?

Wanataka maji ya joto la digri 24 mpaka 27, yenye chokaa. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku nzima mbele ya kutumiwa. Mashine ya kuchuja maji izunguke karibu wiki sita kabla ya kuingiza samaki, ili vijidudu vinavyokula uchafu wao vizaliwe. Kisha kila wiki badilisha robo ya maji, si yote.

Mtu wa Uvira, Baraka ao Kalemie hana shida ya joto. Bukavu ni baridi zaidi, kunahitajika kifaa cha kupasha maji. Shida kubwa kwetu ni umeme: mashine ikisimama muda mrefu, samaki wanakosa hewa. Bila batri ao sola, usianze. Na mtu asiende kuzoa samaki na maganda ziwani kiholela. Aulize kwanza wenye mamlaka.

Kwa nini hii inatuhusu?

Kwa sababu kile watu wa mbali wanajaribu kuiga kwa sanduku, sisi tunacho chenyewe. Na kinaweza kuharibika. Wanasayansi wamepima maganda fulani ya chini ya ziwa, wakaona yana zaidi ya miaka 1,000. Kiwanja kama hicho hakirudi kwa msimu mmoja.

Adui wake ni matope. Miti ikikatwa mlimani, mvua inashusha udongo ziwani. Watu wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba. Matope kama hayo hayaishii kwenye muji. Yanafika ziwani, yanafunika maganda na mawe, na samaki anakosa mlango. Ndani ya sanduku, mwenyewe anaweza kuosha mchanga. Ziwani hakuna wa kuuosha. Dawa iko juu mlimani: miti isimame, na mashamba ya kwenye miteremko yawekewe mitaro ya kuzuia udongo. Inalinda nyumba zetu, na zile ndogo zilizo chini ya maji.