SAYARI IPI KALI KULIKO ZOTE? MIMI NAMBA MOJA NAIPA ZUHURA

Leo tuache siasa kidogo, tuangalie juu.

Juzi jioni umeme ulikatika mtaani kwetu, tukatoka kukaa barazani kama kawaida. Mdogo wangu anayesoma darasa la sita akanionyesha kitu kinang'aa upande wa magharibi. "Kaka, ile nyota au ndege?" Nikamwambia ni sayari, inaitwa Zuhura. Akaniuliza tena, "Sasa katika sayari zote, ipi kali?" Hapo nikakwama. Shuleni tulikariri majina kwa mpangilio, basi. Nikaamua kukaa na kuzilinganisha moja moja.

Kwanza tuelewane. Sayari ni nane. Wengi wetu tulikariri tisa, lakini Agosti 2006 wataalamu wa anga walikutana Prague wakaiondoa Pluto kwenye orodha, ikawa sayari kibete. Dunia nayo nimeitoa kwenye mashindano, maana mwenyeji hawezi kuwa refa na mchezaji kwa pamoja. Zimebaki saba.

Kama unapenda UKUBWA, mshindi ni Mshtarii, hakuna ubishi. Ukizijumlisha sayari nyingine zote uzito wake, Mshtarii bado ni zaidi ya mara mbili yake. Lina dhoruba nyekundu ambayo peke yake ni pana kuliko Dunia. Lakini ni gesi tupu, huna hata pa kukanyaga.

Kama unapenda VITUKO, wapo wawili. Uranus imelala ubavu, inalizunguka Jua kama pipa linalobingirika. Mwaka wake mmoja ni miaka 84 ya kwetu, kwa hiyo ncha yake moja inakaa kwenye mwanga miaka kama 42, halafu giza miaka 42. Sisi tunalalamika umeme ukikatika usiku mmoja! Wa pili ni Zohali, yenye zile pete. Ni nyepesi kiasi kwamba ungepata bahari ya kuitosha, ingeelea. Na Januari 2005 chombo kinachoitwa Huygens kilitua kwenye mwezi wake mmoja, Titan, ambako kuna mito na maziwa, ila kinachotiririka siyo maji, ni gesi ya methani iliyoganda kwa baridi ikawa kimiminika.

Utaridi na Neptune mnisamehe. Moja ni kama mwezi wetu uliosogezwa karibu na Jua, nyingine iko mbali mno, imetembelewa na chombo kimoja tu, mwaka 1989.

Mirihi ndiyo kipenzi cha wengi. Ina mlima Olympus Mons wenye kimo cha kilomita kama 22. Yaani uupange Kilimanjaro juu ya Kilimanjaro mara tatu, na bado hujafika. Zamani maji yalitiririka kule, mabonde yake yanaonyesha. Mwaka 2021 mpaka helikopta ndogo iliruka huko. Naipa namba mbili.

Sasa namba moja. Zuhura.

Zuhura ni pacha wetu. Upana wake ni kilomita 12,104, wa Dunia ni 12,742. Imeumbwa kwa mwamba kama sisi, na ni jirani yetu. Ukiiangalia jioni inapendeza kuliko nyota zote. Kumbe ni jehanamu! Joto lake ni nyuzi 465 hivi, madini ya risasi yanayeyuka yenyewe. Hewa yake inakukandamiza mara 90 zaidi ya hapa. Mawingu yake ni tindikali, ile ile ya kwenye betri ya gari. Warusi walitua chombo chao Venera 13 mwaka 1982, kikapiga picha na kufanya kazi dakika 127. Kama mechi iliyokwenda dakika za nyongeza, halafu kwaheri.

Cha ajabu, Utaridi iko karibu zaidi na Jua lakini Zuhura ina joto zaidi. Kwa nini? Hewa yake zaidi ya asilimia 95 ni hewa ya ukaa. Chukua daladala iliyoegeshwa juani vioo vimefungwa. Joto linaingia, kutoka haliwezi. Ndiyo Zuhura hiyo.

Na hapa ndipo iliponikamata. Dunia nayo ina kaboni nyingi, inakaribiana na ya Zuhura. Tofauti ni kwamba yetu imefungwa kwenye mawe. Bahari na viumbe vyake waliivuta hewa ile wakaigeuza chokaa. Yale mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe kule Zanzibar, na ile chokaa inayochimbwa Wazo Hill kutengenezea saruji, ni hewa ya ukaa iliyotiwa kifungoni. Zuhura ilikosa bahari ya kuifunga, ikabaki angani.

Msininukuu vibaya. Sisemi kwamba gunia la mkaa la jirani litatugeuza Zuhura kesho. Hilo haliko karibu. Ila hewa ya ukaa kwetu haifiki hata asilimia 0.05 ya hewa yote, na bado nyongeza ndogo tuliyoitia kwa viwanda na magari imeshapandisha joto, mvua zinaotea, mkulima hajui apande lini. Zuhura inaonyesha mchezo huo ukifika mwisho unakuwaje.

Kwa hiyo mdogo wangu nilimjibu hivi: sayari kali siyo kubwa wala ya mbali, ni ile inayokwambia jambo kuhusu kwenu. Akaniangalia, akasema yeye bado anachagua yenye pete. Sawa, kura yake.

Ukitaka kuiona, siku inapotokea, tazama magharibi baada ya Jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza. Ndiyo hiyo watu wanaiita nyota ya asubuhi. Haimetimeti kama nyota, inang'aa imetulia.

Naomba kuwasilisha. Wewe namba moja unampa nani, na kwa nini? Karibuni hapo chini, matusi hapana.