Stajeni: Samaki Ahamaye au Samaki Mkwezi?

Miongoni mwa maswali tuletewayo na wafasiri, yako yanayoonekana mepesi mpaka mtu aanze kuyajibu. Mojawapo lahusu samaki ambaye hayumo katika maji ya Afrika, na kwa hiyo hana jina la Kiswahili. Tumelitohoa jina lake la kigeni kuwa stajeni, kwani kumwita papa, kama wafanyavyo baadhi ya wafasiri, ni kosa. Ni kweli kwamba kiunzi cha mwili wake aghalabu ni gegedu, na mkia wake umerefuka upande wa juu mfano wa papa. Lakini ana safu tano za magamba ya mfupa, kinywa cha mtu mzima wake hakina meno, na mbele ya kinywa hicho zaning'inia sharubu nne za kupapasia chakula, kama za kambare.

Jina, hata hivyo, si taabu kubwa. Taabu imo katika kitenzi. Wafasiri wengi huandika kwamba stajeni "huhama". Katika Kiswahili, aliyehama amefunga virago vyake, na nyumba aliyoiacha yaweza kupewa mpangaji mwingine. Ofisa atakayesoma kwamba samaki "wamehama mtoni" atakuwa na haki ya kudhani kwamba mto huo hauwahusu tena, naye aweza kuidhinisha ujenzi wowote ndani yake. Hapo neno moja limeharibu waraka mzima.

Tumtazame beluga, stajeni mkubwa kuliko wote (asichanganywe na nyangumi wa jina hilo hilo). Huishi katika Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, na wamepata kuvuliwa wenye urefu unaozidi meta 5 na uzito unaozidi kilo 1,000. Malisho yake yako baharini, lakini mazalia yake yako mtoni, penye mkondo wa nguvu na changarawe. Wengine huingia mtoni katika majira ya kuchipua, wakataga majira hayo hayo. Wengine hutangulia katika majira ya majani kupukutika, wakalala mtoni kipindi chote cha baridi na kutaga mwaka ufuatao. (Wafasiri wasiandike "masika" na "vuli" hapa, hizo ni mvua zetu.) Mayai hunata juu ya mawe. Vifaranga vikiisha kuanguliwa huchukuliwa na mkondo hadi baharini, na wazazi nao hurudi huko, kwani stajeni hafi baada ya kutaga. Jike hungoja miaka 15 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na baada ya hapo hupumzika miaka kadha kila mara. Ndiyo maana jike auawaye kwa ajili ya mayai yake, yale yauzwayo ghali kwa jina la kaviari, si rahisi kupata wa kushika nafasi yake.

Mwendo huu si wa kuhama. Mkwezi akiwa juu ya mnazi hatusemi amehamia mnazini. Ana shughuli huko, kisha atashuka. Kwa hiyo twapendekeza stajeni wa namna hii aitwe *samaki mkwezi*, na safari yake iitwe *kukwea mto*. Faida ya pili ni kwamba istilahi hii yampa kinyume chake nafasi. Mkunga wa maji baridi, apatikanaye katika mito yetu iingiayo Bahari ya Hindi, hukulia mtoni na kwenda kutaga baharini. Yeye ni *samaki mshukaji*.

Mkwezi akikatiwa njia, mazalia yake hayana kazi. Zamani beluga walikwea Mto Danube hata kupita Vienna. Ukuta wa bwawa la kwanza la Đerdap, mpakani mwa Serbia na Romania, ulikamilika mwaka 1972. Wa pili, uliojengwa chini yake mwaka 1984, uko kiasi cha kilometa 860 tu kutoka baharini, na huo ndio mwisho wa safari yao leo. Katika Mto Volga ukuta wa Volgograd umefanya vivyo hivyo. Tangu mwaka 1998 biashara ya kimataifa ya stajeni wote husimamiwa kwa mkataba, lakini mkataba wa biashara haufungui mto.

Limebaki neno moja. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilitangaza kwamba aina zote 26 zilizosalia za stajeni na jamaa zao wa karibu zimo hatarini kutoweka, na kwamba stajeni wa Mto Yangtze hayumo tena mtoni mwake. Rasimu moja tuliyoletewa ilisema "ametoweka porini". Samaki hakai porini. Tuliandika badala yake *ametoweka katika maji ya asili*, kwa kuwa samaki huyo angali akifugwa mabwawani.