Kabla ya kuomba kompyuta kwa ajili ya watoto wetu



Katika vikao vya wazazi hapa kando ya Ziwa Albert, swali moja hurudi mara nyingi: «Mashirika yatatuletea lini kompyuta kwa ajili ya watoto?» Mzazi anayeuliza hivyo ana sababu. Familia nyingi zilikimbia vijiji vya Djugu baada ya vita kuanza tena mwezi wa 12 mwaka 2017. Wengine walivuka ziwa hadi Uganda, kisha wakarudi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati ule sasa ni kijana, na pengine amebadilisha shule mara tatu. Wazazi wanatafuta njia ya kufidia miaka hiyo.

Makala hii inaeleza kwa ufupi yale ambayo watafiti wameyaona kuhusu mashini hizi shuleni, ili tujue la kuomba na la kufanya sisi wenyewe.

Nchi mbili, matokeo mawili

Nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wengi wa shule za msingi. Watafiti walichunguza shule 319, na mwaka 2012 wakatoa matokeo: watoto waliopewa kompyuta hawakuwapita wenzao katika hesabu wala katika lugha. Kompyuta zilifika, lakini ufundishaji ulibaki uleule.

Karibu zaidi na sisi, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, watoto karibu 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 walipewa tableti kwa miezi 15, kati ya mwaka 2017 na 2019. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Mwanzoni, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Kwa nini matokeo yalitofautiana? Tableti za Tanga zilikuwa na masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua, kutoka herufi hadi neno, kutoka neno hadi sentensi, na yote kwa Kiswahili. Kulikuwa na umeme wa jua wa kuzichaji, na katika vijiji kulikuwa na akina mama waliowaangalia watoto. Hata hivyo tusizidishe sifa: watoto wengi walimaliza miezi 15 bila kujua kusoma.

Mtu anayefuatilia

Huko Kisumu, Kenya, watafiti walilinganisha njia tatu. Katika kundi la kwanza, tableti walipewa washauri wanaozungukia shule na kuwasaidia walimu. Katika la pili walipewa walimu. Katika la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea. Makundi yote matatu yalisoma vizuri kuliko shule za kawaida, na hakuna kundi lililoyapita mengine kwa kiasi kikubwa. Lakini njia ya washauri ndiyo iliyokuwa ya gharama ndogo zaidi, kwa sababu mshauri mmoja huhudumia shule nyingi. Kuanzia mwaka 2015 Kenya ilieneza njia hiyo nchi nzima: mshauri anaingia darasani, anamwangalia mwalimu akifundisha, anawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha anakaa na mwalimu na kumwonyesha pa kurekebisha.

Hapo ndipo uongozi unapoingia. Mwalimu anayejua kwamba kuna mtu anayekuja kumsikiliza na kumsaidia hufanya kazi kwa moyo mwingine. Hata bila tableti, direkta wa shule anaweza kuingia darasani mara moja kwa juma na kusikiliza watoto watano wakisoma.

Mtoto anakua kwa kuongea na watu

Mtoto mdogo hujifunza kwa kuitwa, kujibiwa, kucheza na kuuliza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Basi simu ya baba si mlezi.

Kwa watoto walioona vita, jambo hili lina uzito zaidi. Mtoto aliyekimbia usiku huhitaji kwanza mtu mzima anayemjua kwa jina na asiyempigia kelele. Akitulia, ndipo kichwa chake kinapokea somo.

Redio tuliyo nayo tayari

Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, watoto wadogo walifundishwa kwa redio kupitia masomo yaliyoitwa Tucheze Tujifunze. Redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu, wanaimba, wanaruka, na mtu mzima yupo pamoja nao. Nasi hapa Kongo, shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, Radio Okapi ilirusha masomo hewani. Redio moja na mama mmoja wa kujitolea, chini ya mwembe, ni mwanzo mzuri.

Nani atashika ufunguo?

Nimewahi kuona mahali fulani sanduku la tableti limefungiwa ofisini miezi mingi. Komite ya wenyeji na komite ya waliohama hazikukubaliana nani ashike ufunguo. Sanduku lilipofunguliwa, betri zilikuwa zimekufa, na watu wa pande mbili hawasalimiani. Hapa Ituri tunajua jinsi jambo dogo linavyokuwa ugomvi mkubwa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua ya kuomba, mashefu, wachungaji, wamama na komite za wazazi wakae pamoja na kukubaliana juu ya maswali haya:

1. Masomo yaliyomo ni ya lugha gani? Je, mtoto wa darasa la kwanza anaielewa?

2. Ni nani atakayefuatilia darasani kila juma?

3. Umeme utatoka wapi, na kifaa kikiharibika nani atalipa?

4. Watoto wa wenyeji na wa waliohama watatumia vipi kwa zamu, bila upendeleo? Wasichana nao watapata saa zao?

5. Funguo ziwe mbili au moja? Nani atazishika, na daftari la matumizi litasomwa mbele ya nani?

Mkishindwa kujibu maswali haya, msiombe bado. Mkiyajibu pamoja, mtakuwa mmekwisha kufanya kazi ya amani kabla hata sanduku halijafika. Na wakati mnangoja, jioni ya leo mwambie mtoto wako akusomee mistari mitatu ya daftari lake. Hata kama wewe hujui kusoma, msikilize.