Maradhi ya Korona: Hatari ya Wazee na Hatari ya Watoto

Katika mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia katika nchi zetu za Afrika Mashariki, neno moja lilisikika kila mahali, mijini na mashambani: tuwalinde watoto na wazee. Neno hili ni jema, wala hatuna nia ya kulitweza. Walakini liliwafunga watu wa namna mbili katika kamba moja, na wengi wakadhani ya kuwa hatari yao ilikuwa moja. Haikuwa hivyo. Nasi twapenda kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, maana maradhi mengine ya kuambukiza yatakuja, na chifu au mwalimu atakayeulizwa na watu wake hana budi kuwa na la kuwajibu.

Kwanza tukumbushe tarehe. Maradhi yalionekana mara ya kwanza katika mji wa Wuhan, nchi ya China, mwishoni mwa mwaka 2019. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa yameenea ulimwenguni. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Rwanda ikafuata tarehe 14, Tanzania tarehe 16, na Uganda tarehe 21. Shule za nchi hizi nne zilifungwa katika mwezi huo huo. Rwanda na Uganda ziliwaamuru watu wakae majumbani mwao. Kenya ilikataza watu kutembea usiku, na tangu Aprili hadi mapema Julai ikazuia safari za kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa. Tanzania ilifunga shule, lakini haikuwafungia watu nyumbani.

Katika siku hizo za kufungiwa, wazazi waliwaza zaidi juu ya watoto wao kuliko juu ya wazee wao. Wala si ajabu. Katika nchi zetu, mtu akisikia habari ya maradhi mapya huwaza mtoto mchanga kwanza, kwa sababu malaria, surua, kuhara na homa ya mapafu zimemfundisha hivyo kwa miaka mingi. Lakini kila maradhi yana watu wake. Surua humshika mtoto mdogo. Mafua makali ya mwaka 1918, yaliyoletwa pwani kwa merikebu wakati Vita Kuu ya kwanza ilipokaribia kwisha, yaliwaua kwa wingi usio wa kawaida watu wa miaka 20 hadi 40, yaani wenye nguvu za kulima na kubeba mizigo. Na ndui, tangu zamani, haikumrudia mtu aliyekwisha kuugua na kupona. Ndiyo sababu watu wenye makovu ya ndui ndio waliopelekwa kuwauguza wagonjwa katika vibanda vya nje ya kijiji. Wazee wetu waliojenga vibanda hivyo hawakusoma kitabu cha udaktari, lakini walijua kuuliza swali lililo muhimu: maradhi haya humpata nani, na humwacha nani?

Kwa Korona, jibu la swali hilo lilijulikana mapema sana. Mwezi wa Februari 2020 mabwana dokta wa China walitoa hesabu ya wagonjwa 44,672 waliopimwa na kuthibitishwa. Katika hao, waliokuwa na miaka 80 na zaidi walikuwa 1,408, wakafa 208. Yaani karibu 15 katika kila 100. Wenye miaka 70 hadi 79 walikuwa 3,918, wakafa 312, yaani 8 katika kila 100. Watoto wasiotimiza miaka 10 walikuwa 416, wala hakufa hata mmoja. Yafaa msomaji aelewe ya kuwa hesabu hii ni ya watu waliopimwa tu, na wengi waliougua kidogo hawakupimwa. Kwa hiyo hatari yenyewe ilikuwa ndogo kuliko hesabu hii kwa watu wa kila umri. Lakini tofauti kati ya mzee na mtoto haikubadilika hata nchi nyingine zilipohesabu wagonjwa wao.

Twaulizwa, kwa nini iwe hivyo? Mwili wa mtu una askari wake wa kupigana na vijidudu, na askari hao ni wa namna mbili. Wa kwanza hukaa mlangoni, katika pua na koo, nao humpiga adui ye yote aingiaye bila kumwuliza jina. Wa pili hukaa ndani, nao huhitaji kumjua adui kwanza ndipo wamshinde. Katika mtoto askari wa mlangoni wako macho sana, kwa hiyo kijidudu cha Korona, ambacho ni cha namna iitwayo virusi, hukamatwa kabla ya kushuka mapafuni. Katika mzee walinzi wa mlangoni huchelewa kuamka, na wale wa ndani wamepungua kwa ajili ya umri, hasa wale wawezao kujifunza adui mpya. Tena wazee wengi wana kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo, na mtu wa namna hiyo, mapafu yake yakishikwa, hana akiba ya nguvu ya kumvusha.

Hatusemi ya kuwa mtoto hakuwa na hatari yo yote. Mtoto aliyekuwa hajatimiza mwaka mmoja, au mwenye selimundu, au aliyedhoofika kwa utapiamlo, aliweza kuugua vibaya. Tena tangu Aprili 2020 madaktari wa Uingereza waliona watoto wachache walioshikwa na homa kali, vipele, macho mekundu na maumivu ya tumbo, wiki kadhaa baada ya kuambukizwa. Ni maradhi ya nadra, nayo yana matibabu. Mzazi aonaye dalili hizo hana budi kwenda hospitali siku ile ile.

Sasa twafika penye uzito wa habari yenyewe. Mtoto aliweza kuwa na Korona bila kukohoa wala kupata homa, akacheza kama kawaida, na huku akiitoa kwa pumzi yake. Katika nchi za Ulaya na Kanada wazee wengi hukaa katika nyumba zao maalumu za kutunzwa, na humo ndimo walimofia wengi mwaka 2020. Kwetu sivyo. Babu na bibi hukaa na wajukuu, hula nao sinia moja, na mara nyingi hulala nao chumba kimoja. Shule zilipofungwa, wazazi wa mijini waliokuwa hawana budi kwenda kazini waliwapakia watoto katika mabasi, wakawapeleka shamba kwa bibi zao. Walifanya hivyo kwa mapenzi, tena pengine hapakuwa na njia nyingine. Lakini tazama jambo lenyewe: ili kumlinda mtoto na maradhi yasiyomtisha sana, alitolewa mjini penye maradhi akapelekwa nyumbani kwa mtu ambaye maradhi hayo yangeweza kumwua. Amri ya kufunga shule peke yake, bila neno juu ya mahali watoto watakapokwenda, ilikuwa amri nusu.

Hofu hiyo hiyo iliwatia watoto katika hatari ya namna nyingine. Kina mama wengi waliogopa kwenda zahanati, wakidhani ya kuwa huko ndiko yaliko maradhi, na siku za chanjo zikapita. Tarehe 26 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri ya kwamba zile kampeni kubwa za chanjo zikusanyazo umati wa watu zisimamishwe kwa muda, lakini chanjo za kila siku katika zahanati ziendelee. Sehemu ya kwanza ya shauri hilo ilifika vijijini upesi. Ya pili ilichelewa njiani, kama ilivyo kawaida ya habari ndefu. Katika mwaka huo wa 2020 watoto milioni 23 ulimwenguni walikosa chanjo za msingi, na hao ni milioni 3.7 zaidi ya mwaka 2019.

Je, mama yule aliyekaa nyumbani alikosea? Wataalamu wa chuo cha afya cha London walijaribu kulipima jambo hili kwa hesabu, wakaichapisha mwaka 2020. Waliweka upande mmoja wa mizani hatari ya kuleta Korona nyumbani kutoka kliniki, na upande wa pili watoto wa Afrika ambao wangekufa kwa surua, kifaduro, pepopunda na mengine kama chanjo zingesimamishwa. Wakaona ya kuwa kwa kila mtu mmoja ambaye angekufa kwa Korona kwa sababu ya safari za kliniki, watoto 84 wangeokolewa kwa chanjo. Ni makadirio, wala si hesabu ya makaburi. Lakini tofauti ni kubwa mno. Na huyo mmoja ambaye angekufa, aghalabu hakuwa mtoto aliyechanjwa, bali mzee wa nyumba ile. Kwa hiyo dawa haikuwa kumzuia mtoto asichanjwe. Dawa ilikuwa kumpeleka mtoto akachanjwe, na bibi asiende naye, na mama anawe mikono na kukaa nje penye upepo akingoja zamu yake.

Wasomaji wa Kongo hawahitaji kuelezwa uzito wa surua. Wakati ulimwengu wote ulipokuwa ukiitazama Korona, nchi yao ilikuwa ikimaliza mlipuko wa surua uliodumu miezi 25 na kuua watoto zaidi ya 7,000 wasiotimiza miaka 5. Mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha mwezi wa Agosti 2020. Hapo palikuwa na maradhi ambayo mtoto alistahili kuogopewa kweli kweli, na kinga yake ilikuwa ya siku nyingi, tena ya bei ndogo.

Juu ya wazee twapenda kuongeza maneno machache ya nyumbani. Watu wengine, waliposikia ya kuwa mzee yumo hatarini, walimfungia chumbani na madirisha yake yote, wakamwona kama mgonjwa. Jambo hili ni baya mara mbili. Korona huenea kwa pumzi, nayo hujikusanya katika chumba kisichopitisha hewa. Kwa hiyo mahali pema kwa mzee palikuwa barazani au chini ya mwembe, si chumbani. Tena mzee aliyeachwa peke yake hukosa maji, hukosa dawa zake za kisukari na shinikizo la damu, na hakuna ajuaye. Twajua ya kuwa nyumba nyingi zina vyumba viwili tu, na shauri la kumpa kila mtu chumba chake ni shauri la matajiri. Lililowezekana ni hili: mtoto anayekohoa asilale na bibi yake, chakula cha mzee kipakuliwe mbali, dirisha lifunguliwe ijapokuwa kuna baridi, na katika siku za matanga mzee asiketi katikati ya umati ndani ya nyumba. Na shikamoo, kwa bahati njema, husemwa kwa kinywa. Mzee aliyezoea kupewa mkono aliweza kuamkiwa kwa hatua mbili tatu, na heshima yake isipungue.

Chanjo ya Korona ilipopatikana, waganga na wazee waliwekwa mbele, kwa sababu tulizozieleza. Rwanda ilianza Februari 2021, Kenya na Uganda Machi, na Tanzania mwezi wa Julai mwaka huo. Hapo ikaonekana tena jinsi hofu ilivyopotea njia: kulikuwa na nyumba ambamo wazazi waliuliza kila siku kama watoto wao watachanjwa lini, na babu aliyekuwa na haki ya kuchanjwa siku ile hakuna aliyemtafutia hata baiskeli ya kumfikisha kituoni.

Ama shule, kila nchi ilikwenda njia yake. Tanzania ilifungua vyuo na kidato cha sita tarehe 1 Juni 2020, na madarasa mengine mwishoni mwa mwezi huo. Kenya ilianza kurudisha madarasa machache Oktoba 2020, na yote Januari 2021. Uganda ilifungua baadhi ya madarasa, ikayafunga tena Juni 2021, wala haikuzifungua shule zote hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili tangu zilipofungwa kwanza. Siku hiyo walimu waliita majina na wengine hawakuitika. Wako wavulana waliokuwa wamezoea fedha za machimbo na bodaboda, na wako wasichana waliopata mimba au kuozwa. Uganda iliruhusu wasichana wenye mimba na wenye watoto warudi darasani, na walimu wengine walitembea nyumba kwa nyumba kuwatafuta. Kazi hiyo haikwisha katika muhula mmoja.